Bunduki Ilivuka, Mwenyewe Akabaki

Bunduki ya shemeji yangu ilivuka bahari kwenda Unguja asubuhi ya Ijumaa. Yeye mwenyewe alibaki gatini Dar es Salaam, mikono mitupu, akiitazama boti ikigeuka. Mimi nilikuwa ndani, kiti cha dirishani, nikamwona akinyanyua mkono kama mtu anayesimamisha basi.

Naeleza kwa mpangilio, maana Kilosa na Mikumi habari hii sasa inasimuliwa kwa namna nyingi, na mojawapo ina helikopta.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuwa askari wa wanyamapori kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akastaafu, akajenga Mikumi karibu na barabara kuu. Mimi nilikuwa karani wa mahakama Kilosa, nami nimestaafu. Wote wawili ni wanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Watu wakisikia klabu hufikiria viti na vinywaji. Klabu yetu ni tuta refu la udongo katika shamba la zamani la mkonge upande wa Kimamba, mbao chache za kubandikia karatasi za shabaha, na kikundi cha watu ambao wengi wetu tuna mvi. Tunapiga bunduki ndogo za michezo, risasi moja moja, tukiwa tumelala kifudifudi juu ya magunia.

Mimi ni mpigaji wa kawaida. Yeye ni hodari. Lakini jicho lake la kulia limeanza kuingia ukungu, na mwanzoni mwa mwaka aliniambia, "Shemeji, mwaka huu ndio wa mwisho. Mwakani nitakuwa nalenga kwa kunusa."

Mashindano ya Unguja yalikuwa ya kuchagua watu wanne wa timu ya taifa. Miaka iliyopita alikuwa amejaribu mara kadhaa, akaishia nje ya hao wanne, mara moja kwa alama moja tu. Safari hii alitaka aingie. Nyumba anayo, watoto wameshajitegemea, ugomvi hana na mtu. Alitaka hilo tu, na alilitaka waziwazi, jambo ambalo si kawaida yake. Sharti la waandaaji lilikuwa moja kubwa: kila bunduki ikaguliwe Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, mwenyewe akiwapo. Isiyokaguliwa haipigi.

Kusafiri na bunduki halali kunachosha kuliko kusafiri na mgonjwa. Mgonjwa watu humpisha. Bunduki kila mtu ana swali nayo, na kila swali lazima ulijibu kwa upole, kwa sababu ni wewe uliyeshika bunduki. Tulipata kibali cha polisi, safari moja, watu wawili, silaha mbili. Kwa hiyo ilibidi tuwe pamoja. Ningeweza kupita Dumila nikafika Morogoro mapema, lakini nilishuka kwanza Mikumi kumfuata. Nilikodi gari dogo Kilosa. Mvua ilikuwa imenyesha, na kila tulipopita dimbwi dereva alifunga kioo, kisha akakifungua. Tulipokikaribia kijiji cha Ulaya aliniuliza, "Mama, hilo ni gitaa?"

"Bunduki."

Madimbwi yaliyofuata aliyapita kioo kikiwa wazi, mpaka Mikumi.

Alfajiri tulisimama kituoni mimi na shemeji, kila mtu na begi lake refu. Kondakta wa basi la kwanza alituangalia, akagonga bodi, basi likaondoka. Wa basi la pili alikuwa mcheshi.

"Wazee wangu, huku hakuna vita. Vita iko wapi, niwapeleke?"

"Tunakwenda mashindanoni," shemeji alisema, akampa kibali.

Kondakta alikisoma mbele na nyuma. Mwanamume mmoja akaita kutoka viti vya nyuma, "Wapandishe bwana! Simba akitokea hapo hifadhini tutajua wa kumtuma." Watu wakacheka. Mama aliyekuwa kiti cha jirani hakucheka. Alimhamishia mtoto wake dirishani na kuweka kapu katikati yetu.

Barabara inapita katikati ya hifadhi, na kupita hifadhini na bunduki bila kujieleza ni kutafuta balaa. Kwenye kizuizi shemeji alishuka kabla hajaitwa. Nilimfuata. Askari aliyekuja alimtambua palepale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tuna silaha mbili."

"Mzee, wewe si ndiye uliyetufundisha kukagua? Panda basi, nenda zako."

"Kagua. Ukiniachia mimi, kesho utamwachia na mwingine."

Akakagua. Abiria wakanung'unika madirishani. Shemeji alirudi kwenye kiti chake, akafumba macho, na mpaka Morogoro hakuyafumbua, ingawa najua hakulala. Kwenye kila ukaguzi mpaka Dar es Salaam alijibu kwa unyenyekevu. Ndiyo afande, sawa afande, hii hapa afande. Mtu aliyezoea kuuliza maswali huchoka upesi akianza kuulizwa.

Usiku ule bunduki zililala kituo cha polisi, sisi tukalala nyumba ya wageni. Ijumaa asubuhi tulizichukua na kuzipeleka bandarini. Ofisa wa boti alizipokea vizuri. Aliangalia kama ni tupu, akafungia risasi kwenye kisanduku cha peke yake, akaziweka bunduki ndani ya sanduku la chuma pamoja na leseni zetu na kibali. Nyaraka husafiri na silaha, alisema, ili upande wa pili wapokee vitu vyote kwa pamoja. Niliona utaratibu huo una akili. Magoti yangu yalikuwa yananiuma, nikatangulia kutafuta viti. Shemeji alisema atabaki mpaka aone sanduku limepanda.

Yaliyofuata sikuyaona. Nimeyasikia kwake na kwa yule askari, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao yanalingana.

Getini alikuwapo askari wa makamo aliyesikia lafudhi ya shemeji, akamuuliza anatoka wapi.

"Mikumi. Kwetu hasa ni Kilosa, milimani."

"Mungu wangu!" askari alipiga makofi. "Nani kampa bunduki mtu wa milimani? Hebu hesabuni twiga huko, kama hajapungua mmoja!"

Kabila la askari yule na la shemeji ni watani. Hilo halihitaji kujuana. Mtani akikurushia neno unamrudishia, na zito zaidi, hata kama ni msibani. Ukinyamaza umemwambia kwamba yeye si kitu kwako. Shemeji, baada ya siku nzima na ushee ya kusema ndiyo afande, alicheka kwa mara ya kwanza.

"Na wewe wa wapi?"

"Kimamba."

"Ndiyo maana unanuka mkonge. Bunduki yenyewe ni ya babu yako! Niliiokota porini, aliitupa akikimbizwa na nyani."

Watu kwenye foleni waliangua kicheko. Nyuma yao alikuwa amesimama mkubwa wa zamu, si mtu wa kwetu. Sisemi alikosea. Mimi ningekuwa na cheo kile, nikasikia maneno yale mahali pale, ningeuliza.

"Mzee, umesema bunduki umeiokota?"

"Utani, afande. Huyu ni mtani wangu."

"Mmejuana lini?"

"Sasa hivi."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ndilo lililomwangusha. Mkubwa akaomba leseni. Leseni ilikuwa ndani ya sanduku, sanduku lilikuwa limeshapanda, na mabaharia walikuwa wanafungua kamba. Yule askari wa Kimamba alianza kueleza mambo ya watani, akaeleza upesi mno, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana kama mtu anayemficha mwenzake.

Nilimpigia simu boti ikiwa imeshatoka.

"Shemeji, uko wapi?"

"Ofisini. Nahojiwa."

"Kwa kosa gani?"

"Babu wa mtu."

Nilidhani ananichezea. Kisha nikasikia sauti nyingine ikimwambia akate simu.

Unguja polisi walinipokea kwa heshima. Walinipa bunduki yangu kwa leseni yangu, na ya shemeji wakaiweka ghalani. Mwenyewe aje, walisema. Niliwaambia mwenyewe anakuja. Nilikwenda kwenye ukaguzi, yangu ikapita, nikakaa kwenye benchi nje ya chumba kile nikitazama mlango. Dar walikuwa wamepiga simu Kilosa, wakathibitishiwa kila kitu, wakampa shemeji chai na pole. Lakini boti iliyofuata ilikuwa imejaa, na alipata nafasi kwenye ile ya jioni. Alipofika, meza ya ukaguzi ilikuwa imekwisha kukunjwa. Mwenye ufunguo wa ghala naye alikuwa ameondoka.

"Tule," alisema. Hakula.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa mwamuzi mkuu, mwanamke wa rika langu, akaeleza yote bila kuacha la babu wala la nyani. Yule mama alifungua daftari la ukaguzi.

"Bunduki yako siwezi kuiruhusu, haikukaguliwa. Utapiga kwa ya shemeji yako, yake imepita. Alama zako tutaziweka pembeni mpaka kamati ikae. Sikuahidi kitu."

"Nimekusikia, mama."

Nilipiga mimi kwanza, kama ninavyopiga siku zote. Nikamkabidhi. Bunduki yangu ina kitako kifupi, na shemeji ana mikono mirefu. Alilala, akainuka, akakunja taulo akaiweka begani, akalala tena. Nilimtazama kisogoni. Wengine walikuwa wamemaliza na kusimama, yeye bado alikuwa na risasi. Alipumua, akasubiri, akapumua tena bila kupiga, na nikajua ni jicho. Kisha akapiga zilizobaki polepole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoa sadaka.

Karatasi zilipohesabiwa alikuwa wa pili.

Aliyekuwa wa nne, ambaye kwa hesabu hiyo alishuka hadi wa tano, aliweka pingamizi hapohapo. Ni kijana mpole, hakupandisha sauti. Alisema kanuni inamtaka kila mshindani alete silaha yake mwenyewe. Kanuni inasema hivyo, nimeisoma. Inasema pia kwamba jambo lisilotarajiwa litaamuliwa na mwamuzi mkuu. Mwamuzi mkuu alikuwa ameshasema ni kamati.

Tulirudi kwa njia ileile, kwa maswali yaleyale. Kizuizini Mikumi shemeji alishuka tena kabla hajaitwa. Kondakta wa basi hili hakuwa mcheshi, na nilimshukuru kimoyomoyo.

Mwezi uliopita askari wa Kimamba alikuja likizo, akafika Mikumi na jogoo mwekundu kwapani. Nilikuwapo, nilikuwa nimekwenda kumsalimia shemeji. Kwa desturi, mtani aliyesababisha hasara hutozwa faini, na faini yenyewe huletwa kwa maneno makali zaidi ya yale ya kwanza.

"Hodi! Nimemleta jogoo," alisema mlangoni. "Mfundishe kulenga, maana yeye angalau ana macho mawili!"

Nilimtazama shemeji nikingoja jibu. Nilikuwa tayari kucheka.

"Karibu kiti, bwana," shemeji alisema. "Habari za safari?"

Mgeni alikaa. Alimshika yule jogoo miguu kwa muda, hajui amweke wapi, mpaka nikampokea mimi. Walizungumza juu ya mvua na bei ya mahindi. Alipoondoka aliniita pembeni, karibu na barabara.

"Dada, amenikasirikia?"

"Hajakukasirikia."

"Basi mbona ananiheshimu?"

Ni kweli kwamba hajamkasirikia. Nilimuuliza shemeji jioni ile, akasema mtani hakukosa, afande hakukosa, yule kijana wa pingamizi hakukosa, kamati nayo ina kazi nyingi. Akasema atajibu utani siku kamati itakapomwambia amekuwa nani.

Nimepiga simu leo asubuhi kabla ya kuandika haya. Yule mama mwamuzi aliipokea mwenyewe. Kikao kimeahirishwa tena, wajumbe hawakutimia. Nikamuuliza kuhusu kambi ya mazoezi. Akasema inaanza mwezi ujao kama ilivyopangwa. Walioitwa mpaka sasa ni watatu, na kijana na shemeji wote wameambiwa wawe tayari.