Mguu Aliosimamia Baba

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, ngamia alimpiga baba teke na kano ya ndani ya goti ikakatika. Tukampeleka Nairobi. Daktari alikata ukanda wa kano ya mbele ya goti, akaupitisha ndani na kuukaza kwa skurubu mbili. Baba anajua Kisomali tu, kwa hiyo daktari alinieleza mimi jambo lililoninyima usingizi: ukanda ule ungekuwa imara mwanzoni, kisha ungelegea kabla mwili haujaukubali. Mwezi wa pili na wa tatu, maumivu yameisha na mgonjwa anajiona mzima, ndipo unapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote.

"Mzee anafanya kazi gani?" akauliza.

"Mfugaji."

"Basi asikimbie, asiruke, asigeuke ghafla."

Nikamtafsiria baba neno kwa neno, nikajiona mkalimani kweli kweli.

Tuliporudi Garissa nilimweka nyumbani kwangu mtaa wa Iftin, nikamlinda kama yai. Akijikwaa kwenye mkeka, moyo wangu unaruka. Wiki ya tisa alisema amechoka kufungiwa ndani, akaenda kwa ngamia wake nje ya mji. Kesho yake alfajiri nikamfuata, roho mkononi.

Nilimkuta akikama. Kwetu mwanamume humkama ngamia akiwa amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa pili kauegemeza juu ya goti la ule uliosimama, na chombo cha maziwa kimekaa pajani. Baba alikuwa amesimamia mguu wa skurubu. Mimi nilikulia bwenini, kisha ofisini. Sijawahi kukama hata siku moja, na mbele ya daktari mkao huo haukunijia akilini kabisa. Nilijilaani.

Kupiga kelele sikuthubutu. Ngamia angeshtuka, angemsukuma, na goti lingejipinda. Nikasimama kama kigingi, nasikiliza maziwa yakichuruzika. Niliona kama hayataisha.

Hatimaye akashusha mguu, akaniona.

"Aabo," akaniita, maana kwetu baba humwita mwanawe kwa neno lile lile analoitwa yeye. "Mbona umekauka hivyo? Kwani nimekimbia? Nimeruka?"

Nikamkalisha mchangani, nikamkunja goti kidogo, nikauvuta muundi mbele taratibu kama nilivyoonyeshwa hospitalini. Ulisogea kidogo, ukakwama. Kano ilikuwa bado imeshika. Nililia pale pale, wala sikuona haya.

"Kosa ni langu, aabo," nikamwambia. "Nilimwambia daktari unafuga. Sikumwambia mnavyokama."

"Hukumwambia kwa sababu hujui," akasema, wala hakuwa na hasira. "Kesho utakama wewe, mpaka goti lipone."

Nikaitikia. Hofu ikanishika upya: mwanamume mzima, mtoto wa wafugaji, sikujua nisimamie mguu upi.