Kikombe cha Mwisho

Dada yangu hawezi kukaa kwenye nyumba ya watu chai ikimiminwa. Birika likitokea tu mlangoni, yeye ananyanyuka, anajitia anapokea simu, anasimama barazani mpaka asikie watu wameanza kunywa. Wenyeji wanadhani ana maringo. Mimi mdogo wake ndiye ninayebaki ndani nikimtolea udhuru, na nimechoka kusema uongo, kwa hiyo nitasema kilichompata.

Tangu utotoni alikuwa mtu wa kupindua vitu. Mlango wa kabati ukigoma, sisi wengine tunaupiga teke, yeye anachuchumaa kutazama bawaba. Kiti kikiyumba anakilaza miguu juu, anakipapasa kama daktari. Marehemu Baba alikuwa akimtania kwamba siku ya harusi yake atampindua na bwana harusi aone ameungwaje. Mama alikuwa anamtetea. Alisema mwacheni, huyu ndiye atakayetutengenezea vitu visivyotutesa.

Akaja akaajiriwa kwenye kiwanda cha vyombo vya nyumbani, chumba cha ubunifu, ghorofani, juu ya karakana. Nimewahi kufika. Kuna meza moja ndefu, rafu za sampuli mpaka darini, na sakafu inayotetemeka mashine za chini zikifanya kazi. Mwanzoni dada yangu alikuwa mtu wa kunong'ona mle ndani. Akichora kitu anakifunika kwa kiganja. Kila anayepita anaulizwa, "Unaonaje?" na kila anachoambiwa anakifuata, hata mchoro ukawa wa kila mtu isipokuwa wake. Alikuwa anarudi nyumbani amefura.

Kisha akabuni birika.

Mabirika ya zamani yalikuwa na ulimi mdogo kwenye kifuniko, kipande cha bati kinachoingia ndani na kujibana chini ya ukingo. Dada aliuona ule ulimi unatia doa. Akauondoa. Akakifanya kifuniko kilale laini kabisa ndani ya shingo ya birika, usione kinapoanzia wala kinapoishia. Lilikuwa zuri, sitasema uongo. Ukilipitishia mkono unateleza kutoka juu mpaka chini bila kukwama popote.

Chumba kile kina desturi yao wanayoiita kuonja. Chombo cha kumiminia kikiwa tayari, kinaletwa mezani kimejaa, aliyekibuni anammiminia Meneja kikombe cha kwanza, na wote wanatoa macho kwenye mdomo wa chombo. Tone likidondoka kwenye kitambaa, kazi inarudi ubaoni. Lisipodondoka, Meneja anasema "Limepita," wanapiga makofi, wanamaliza. Chai iliyobaki mhudumu anaibeba, anafunua kifuniko, anaimwaga kwenye sinki.

Birika la dada halikudondosha kitu. Makofi yake aliyaleta mpaka nyumbani, akatuigizia. Likauzika madukani kila kona, na mtaani akapachikwa jina la Mama Birika, na yeye akaitika. Kichwa kilimvimba kidogo, acha kivimbe, alikuwa amekisubiri. Akaanza kutembea katikati ya njia. Akaacha kuuliza watu wanaonaje. Birika la kwanza kabisa kutoka kiwandani alimpelekea Mama limefungwa kwa utepe, na Mama akaliweka mezani ambapo kila anayeingia lazima alione.

Miaka ikaenda. Siku moja mchana tulikwenda kumjulia hali Shangazi, alikuwa ametoka kulazwa. Mjukuu wake wa kike akaleta birika, lilelile alilobuni dada, atumiminie. Alipoanza tu kuliinamisha, Shangazi akamkemea kutoka kitandani.

"We mtoto, unamiminia wageni bila kushika kifuniko? Ndiyo adabu gani hiyo?"

Mtoto akaweka vidole viwili juu ya kifuniko, akaomba radhi, akaendelea.

Dada akacheka. "Shangazi, adabu hiyo imeanza lini?"

"Mabirika haya ndivyo yanavyomiminwa, mwanangu. Si ungejua wewe?"

Tulicheka sote. Lakini tulipokuwa tunarudi, dada alikuwa anakunja na kukunjua vidole viwili, na mimi namjua, hapo hakuna heri. Kesho yake akaenda benki, akamwona karani nyuma ya kioo akijimiminia chai, vidole viwili juu ya kifuniko. Kwa fundi cherehani, vidole viwili. Hospitali, kwenye chumba cha kusubiri, mzee wa watu anammiminia mkewe, mkono mmoja kwenye mpini, wa pili umefungwa leso na kukaa juu ya kifuniko. Alikuwa ananipigia simu kuniambia kila mara, kwa sauti ya chini, kama mtu anayefuatwa na kitu.

"Wameyaona yale wapi?" aliniuliza. "Mimi sikuwafundisha."

Nikamwambia watu wana mambo yao, aache kujitafutia maradhi. Hakuacha.

Jioni moja tukawa kwa Mama. Mama alitumiminia mimi na dada, akammiminia jirani aliyepita kuazima chumvi na kusahau kuondoka, akatupa nyongeza wote. Ndivyo alivyo, anakunywa wa mwisho na anakunywa kilichobaki. Alipofika kwenye kikombe chake akaliinamisha birika sana, akalikamua, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaja juu ya kifuniko. Dada alikuwa anavitazama. Vidole vile vina ngozi nyeupe iliyokunjamana, inayong'aa, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Sote tuliijua alama hiyo. Mama alituambia ni mafuta ya kukaangia.

Dada akasimama, akalichukua birika, akaenda nalo jikoni. Akachemsha maji, akalijaza, akaanza kuyamimina juu ya sinki taratibu. Maji yalitoka vizuri. Yalitoka vizuri mpaka yakakaribia kwisha, birika likawa limelala sana, na hapo kifuniko kikateleza kutoka kwenye shingo bila kukwama popote, kikaanguka, na maji yote yaliyobaki yakafuata nyuma yake na mvuke. Sauti ya kile kifuniko kwenye sinki niliisikia nikiwa sebuleni.

Akarudi, akasimama mlangoni, mikono inatiririka maji.

"Mama. Mkono wako ni mafuta au ni birika?"

Mama akajifanya anatafuta kijiko. "Mambo ya zamani hayo."

"Mama, nakuuliza."

"Ni uzembe wangu, mwanangu," Mama akasema. "Sikushika kifuniko."

Nimewahi kumwona dada yangu akilia, si mara moja. Siku ile hakulia, na ndiyo ilinitisha. Alikaa kando ya Mama akaushika ule mkono, akaugeuza na kuugeuza kama alivyokuwa akifanya na viti vyetu. Mama akawa anamwambia maskini mwanangu, hata hauumi, na chai yenyewe tamu, na birika zuri, wageni wote wanalisifu.

Tangu hapo hakuwa na raha. Alisema anakisikia kile kifuniko. Anasikia kikianguka kwenye nyumba ya jirani, kwenye mkahawa wa kona, anageuka, kumbe ni kijiko tu. Akipita mtaani na kuona madirisha ya watu, anawaza nyuma ya kila pazia kuna birika lake mezani linasubiri kikombe cha mwisho. Na kazini alirudi kulekule alikoanzia. Alichora akafuta, akachora akafuta, kalamu ikamwisha mkononi. Akaanza tena kuuliza watu, "Unaonaje?" Mtu aliyebuni chombo kilichoingia nyumba zote alikuwa anaomba ushauri kuhusu mpini wa kikaango. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, maana alikuwa anaumwa na jambo analoweza kulisema, na halisemi.

"Niseme nini?" akaniambia. "Hakuna aliyelalamika. Hata mmoja. Wote wanajiona wao ndio wazembe."

Ndipo Meneja akamwita. Kiwanda kinataka birika lilelile, lakini kubwa, la familia zenye watu wengi. Vipimo viongezwe, basi, mambo kwisha. Dada alijua hilo kubwa litabeba nini. Alijua pia kwamba akilikataa itabidi aseme kwa nini, na akisema kwa nini, Mama Birika hayupo tena. Alikaa na jambo lile akikonda mbele ya macho yetu. Sampuli ikatengenezwa, siku ya kuonja ikafika, na asubuhi ile alipita kwangu amevaa nguo zake za sikukuu. Nikamuuliza ameamua nini. Akasema hajui.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Aliomba chai iwe imetoka motoni sasa hivi. Akammiminia Meneja kikombe cha kwanza, halikudondosha tone, Meneja akasema, "Limepita," na makofi yakaanza. Mhudumu akanyoosha mkono achukue birika. Dada hakumpa. Akamimina kikombe cha pili, akampa mwenzake wa pembeni. Akaendelea hivyo kuizunguka meza, na makofi yakafa, watu wakabaki wanatazamana. Alipofika kwenye kikombe chake mwenyewe akasema, "Sogezeni viti nyuma kidogo," akaliinamisha.

Kifuniko kikaanguka, kikavunja kikombe, chai na mvuke vikatambaa juu ya kitambaa mpaka Meneja akaruka kutoka kitini, mtu mzito vile.

"Umelimimina vibaya!" akafoka. "Ungeshika kifuniko!"

Dada alisema hayo yalikuwa maneno yaleyale ya Mama. Halafu mwenzake mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye nyumbani huwa anashika. Na mwingine akasema mkewe aliwahi kuungua, walidhani ana haraka. Na mwingine. Chumba kizima cha wabunifu, watu wanaolipwa kutazama vitu, kila mmoja alikuwa na lile birika kwake na kila mmoja alikuwa anashika kifuniko na kunyamaza. Mimi hapo ningewazaba makofi ya aina nyingine.

"Hili nimelikosea mimi," dada akawaambia. "Niliondoa ulimi kwa sababu ya uzuri. Na hapa tunamimina kikombe cha kwanza tu, tunapongezana. Kikombe cha mwisho kinamiminwa nyumbani, na anayekimimina ni yule aliyewahudumia wengine wote."

Meneja akajipangusa suruali. Akasema hakuna haja ya kufika huko, wataandika kwenye boksi: shika kifuniko unapomimina.

"Ukiandika hivyo," dada akasema, "utafute na mtu mwingine wa kukaa kwenye kiti changu."

Miaka ile ya makofi mimi nilidhani ndiyo aliyokuwa anajiamini, na yeye alidhani hivyo. Alikuwa anaamini makofi tu. Siku ile amesimama kwenye chai iliyomwagika, na kosa lake liko mezani kila mtu analiona, ndiyo siku ambayo hakumuuliza mtu anaonaje.

Ulimi ukarudishwa. Birika kubwa likatoka nao, na yale madogo mapya pia, na sasa kuonja ni mpaka tone la mwisho. Lakini yaliyokwisha kuuzwa yameuzwa. Kiwanda kilitoa tangazo, nani anasoma tangazo la birika. Yako majumbani mpaka leo, na bati lile haliozi.

La kwanza lenye ulimi alimpelekea Mama. Tulikwenda wote wawili. Mama akalipokea kwa mikono miwili, akalisifu, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo, akalifungia kwenye kabati la vioo.

"Hili jipya la wageni," akasema. Kisha akatumiminia chai kwa lile la zamani, vidole juu ya kifuniko.

Dada akafumba macho. "Mama, lile litupe. Nakuomba."

"Nitupe birika lako la kwanza? Hilo nililetewa na utepe."

Hakubishana naye. Alimwomba koleo, Mama akamtolea lile la Baba, lenye kutu. Dada akakaa pale pale mezani na kipande cha bati alichokuja nacho kwenye mkoba, nadhani alijua tangu anatoka kwake. Akakikunja, akatoboa kifuniko pembeni, akakibana kwa msumari mdogo uliopondwa. Ukawa ulimi mbaya, umepinda, unaonekana. Ule ulaini wote ukaharibika. Akakifunga, akapindua birika tupu juu chini, akalitikisa. Kifuniko hakikutoka.

Mama akalijaza upya. Akatumiminia sisi, akatuongeza, na mwisho akachukua kikombe chake. Akaliinamisha, akalilaza, na mkono wa kushoto ukaja.

"Achia, Mama," dada akasema. "Hakianguki tena."

"Najua, mwanangu. Nimeona."

Akavinyanyua vidole. Havikurudi magotini wala mezani. Vilibaki hewani, juu kidogo ya kifuniko, vile viwili vyenye ngozi nyeupe, vinasubiri. Chai ikatoka mpaka tone la mwisho, kifuniko kimetulia mahali pake, na vidole bado viko pale. Mama mwenyewe hakuwa anajua. Alikuwa anatuuliza kama sukari imetosha.

Dada akasema imetosha, akanyanyuka, akaenda kusimama barazani.