Kisanduku Kisichosomwa

Dada yangu hutengeneza programu za kompyuta ambazo mama yetu huziita giza. Hazina picha, hazihitaji mausi, hazina kitu cha kupapasa kwa kidole. Ukiifungua moja, skrini nzima inakuwa nyeusi, kisha inajaa fremu, orodha, sehemu za kujaza na vitufe, vyote vimechorwa kwa maandishi matupu, na kila kitu kinaendeshwa kwa kibodi.

"Watoto wa wenzangu wanatengeneza vitu vinavyong'aa," mama humwambia mezani. "Wewe nani alikukosea, mwanangu, mpaka ukaamua kutengeneza giza?"

"Giza langu linafunguka kabla hujapepesa, mama. Vyao vina kile kiduara kinachozunguka mpaka mtu anazeeka."

"Kuzeeka utazeeka wewe na hayo makaratasi yako."

Makaratasi ni yale ya hesabu, yenye miraba. Dada huchora kila skrini kwa penseli kabla ya kugusa kompyuta, mraba mmoja herufi moja. Vipande vyenyewe haviundi yeye. Ipo maktaba ya vipande vilivyo tayari: dirisha, kitufe, orodha, kisanduku cha swali. Kazi yake ni kuvipanga na kuamua mtu akimaliza hapa kielekezi, kile kialama kinachowakawaka, kimpeleke wapi. Hapo ndipo palipo na wazimu wake. Anaweza kununiana na mtu wiki nzima kwa sababu ya mahali kielekezi kilipotua.

Ameajiriwa kwenye maabara ya hospitali. Kompyuta za mapokezi ya maabara hiyo ni za msaada, zilitumika kwingine mpaka zikachokwa, ndipo zikaletwa kwetu zikiwa na stika za shukrani. Mfumo unaong'aa uliowekwa humo mwanzoni ulikuwa unachukua muda mrefu kufungua ukurasa mmoja kuliko muuguzi anavyochukua kutoa damu. Foleni ya watu walioshika vichupa vya damu ilitoka dirishani, ikapita korido, ikakata kona hadi chumba cha kufulia mashuka. Dada akaandika programu yake, na foleni ikarudi ndani.

Pale dirishani anatawala mwanamke wanayemwita Mama Chapchap, na jina hilo hakupewa bure. Macho yake yako kwenye kichupa, mdomo wake unamgombeza mtu aliyeruka foleni, na vidole vinaandika peke yao. Skrini haitazami. Hana haja nayo. Ameshika mfuatano wote vidoleni: namba ya mgonjwa, Enta, aina ya kipimo, Enta, wodi, Enta.

Dada alilijua hilo tangu mwanzo, kwa hiyo aliweka kizuizi kimoja cha akili. Ukishaandika namba ya mgonjwa, programu ilikutaka uandike herufi tatu za mwanzo za jina lililo kwenye kichupa. Zisipolingana na jina la mwenye namba hiyo, inagoma. Huwezi kuandika herufi za jina bila kulisoma jina. Basi, imekwisha.

Haikuisha. Mkuu wa kitengo alitoka semina akiwa na begi jipya na mawazo mapya.

"Hizi herufi tatu za nini?" aliuliza. "Mnawapa watu wazima imla kama chekechea. Mifumo yote ya kisasa inauliza, 'Je, una uhakika?' Ndiyo, Hapana. Wewe binti, wako kwa nini hauulizi?"

"Kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo, mkuu."

"Akijibu ndiyo, ana uhakika. Si ndiyo maana ya swali?"

Alimwambia kwamba bila kisanduku hicho hatatia saini programu iendelee kutumika. Dada alibishana, akarudi nyumbani akabamiza milango, kesho yake akatoa herufi tatu na kuweka kisanduku. Mimi nilitaka aache kazi siku hiyo hiyo. Aliniuliza kama nitakwenda mimi kumwambia Mama Chapchap arudie kiduara.

Haukupita muda mrefu, simu ikapigwa kutoka wodi ya upasuaji. Daktari wa huko alikuwa na majibu mkononi na sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Nyie wa maabara! Babu yangu huku ana wajukuu wanaooa, mmeniletea damu ya mtoto wa siku tatu. Mzee kazaliwa upya nami sina habari?"

Vichupa viwili vilikuwa vimechanganywa dirishani, namba zake zikitofautiana tarakimu moja tu. Kosa lilikamatwa mapema, mtoto na mzee wakatolewa damu tena, hakuna aliyedhurika. Lakini mtoto mchanga kuchomwa sindano mara ya pili si jambo la kuchekewa, na mama yake hakucheka. Wakuu wa idara wakapanga kukutana Ijumaa kuamua kama programu ya dada iondolewe na mfumo unaong'aa urudishwe. Wakati wakisubiri Ijumaa, mkuu wa kitengo alichukua hatua. Aliagiza kisanduku cha pili. Chekundu. "Je, una uhakika kabisa?"

Niambie wewe unayesoma kama kuna namna ya kulieleza hili ukabaki na adabu.

Dada hakueleza. Alivuta kiti akaketi nyuma ya Mama Chapchap asubuhi nzima, akitazama skrini ambayo mwenyewe haitazami. Alirudi nyumbani akiwa ametulia kwa namna iliyonitisha.

"Havionekani," aliniambia.

"Vipi havionekani? Kimoja si chekundu?"

"Vidole vyake vimeshazoea kuongeza Enta mwishoni, na anaandika haraka kuliko kompyuta ile inavyochora. Anachobonyeza kinapanga foleni humo ndani kusubiri zamu. Kisanduku kikija kuchorwa kinakuta Enta yake imeshafika, inakisubiri mlangoni. Kinajibiwa, kinafutika. Mtu hata akitazama, ataona skrini imemetameta tu. Anadhani ni ubovu wa skrini. Na mimi ndiye niliyekiweka. Nilijua hafai kuulizwa swali la namna hiyo, nikakiweka."

Nikamwambia afanye kitufe cha Hapana ndicho kiwake kwanza. Alikuwa ameshajaribu, ndani ya siku mbili vidole vilijifunza mshale, Enta. Nikamwambia basi programu itupe chochote kilichobonyezwa kabla kisanduku hakijatokea. Alikuwa ameshajaribu hilo pia, na dirisha zima likalalamika kwamba programu inakula herufi.

Akaenda kumweleza mkuu wa kitengo kwa utaratibu, kwa heshima, na karatasi zake za miraba mkononi. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Basi weka cha tatu," alisema.

Alhamisi mchana dada aliniomba nimsaidie kubeba kompyuta ya majaribio, ya uzee ule ule, mpaka chumba cha nyuma cha maabara. Ndiyo sababu nilishuhudia kilichofuata. Alikuwa amemwomba mkuu aje kuona visanduku vikifanya kazi, na mkuu alikuja kwa furaha. Mama Chapchap akaketi mbele ya trei ya vichupa vitupu vyenye majina ya kubuni.

"Niende mwendo wangu au mwendo wa wageni?" aliuliza.

"Wako, mama. Kama foleni imefika kwenye mashuka."

Akaanza. Vidole vikalia kama mvua ya mawe kwenye bati, huku akitusimulia jinsi mume wake alivyopaka rangi mlango ukiwa umefungwa mpaka ukashikana na fremu. Skrini ilimetameta mara kwa mara. Mkuu alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi," alisema. "Mnaona? Anathibitisha kila hatua."

"Mkuu umeviona visanduku?" dada aliuliza.

"Nimeviona vizuri kabisa."

"Chekundu umekisoma?"

"Nimekisoma. Una uhakika kabisa. Ndiyo."

"Mama, hebu chukua kichupa kimoja, andika polepole. Ukimaliza wodi na kujibu kisanduku cha kwanza, toa mikono."

Mama Chapchap aliandika kidole kimoja kimoja, akiona taabu kama mtu anayelazimishwa kutembea kinyumenyume. Akatoa mikono. Kisanduku chekundu kikajichora katikati ya skrini, kikatulia, na maandishi yake yakasomeka mpaka mlangoni:

"Je, unakubali kwamba mkuu wa kitengo chetu ni papai bovu?"

Chini yake kitufe cha Ndiyo kilikuwa kinawaka.

Mama Chapchap alijishika kifua.

"Mungu wangu! Mimi sijasema! Mkuu, mimi sijasema hivyo jamani!"

"Umekubali kwa kila kichupa tangu umeanza, mama," dada alisema. "Na mkuu alikuwa amesimama hapo hapo, akasema safi."

Nilimtazama mkuu shingo ikivimba. Nilijua dada amejifukuzisha kazi, na nilikuwa tayari kusema maneno ambayo yangetufukuzisha ukoo mzima. Mkuu akainama karibu na skrini, akasoma tena, polepole, kama vile huenda ikabadilika. Kisha akamwambia Mama Chapchap abonyeze Hapana. Mama, kwa haraka na mazoea, akabonyeza Enta bila kugusa mshale, ikaingia Ndiyo.

Mkuu alitoka bila kuaga. Dada aliketi kwenye kiti alichokiacha Mama Chapchap, na kwa mara ya kwanza alisema, "Nimeharibu."

Ijumaa hakuitwa mkutanoni. Alisimama koridoni, mimi nikasimama naye, na mlango haukufungwa vizuri. Tulimsikia mkuu wa kitengo akiwaeleza wakuu wenzake, kwa sauti ya mtu aliyelala na jambo akaamka nalo, kwamba visanduku vya maswali ni hatari, kwamba vidole hutangulia macho, kwamba yeye binafsi amefanya jaribio la kitaalamu, na kwamba ameamua kubuni utaratibu mpya ambapo karani ataandika herufi tatu za mwanzo za jina. Programu ibaki. Wenzake wakampongeza.

"Amebuni!" Nilikuwa nimeshika kitasa. "Dada, naingia. Wallahi naingia, nawaambia ni nani—"

"Rudi hapa."

"Anakuibia mchana kweupe!"

"Achukue. Wewe hujawahi kusimama foleni pale dirishani na mtoto mgongoni." Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea mapokezi, akitafuta penseli kwenye nywele zake. "Na ukiingia atakumbuka papai."

Herufi tatu zilirudi saa ile ile. Nilimsikia Mama Chapchap akiguna kwamba sasa itabidi tena asome majina ya watu.