Mkoba Kwenye Picha

Mgeni yeyote akija, Mzee hana pengine pa kumpeleka ila jumba la sanaa. Watu hutoka mbali kuja kulishangaa: zege tupu, halina dirisha wala ngazi, ila njia moja pana inayozunguka kupanda juu kama ganda la konokono. Ukishaingia umeingia, utazunguka mpaka kileleni ndipo ushuke kwa upande wa pili. Mkewe, fundi cherehani waliyembandika jina la Mama Sindano, alilichukia jumba hilo hata harufu yake.

Leo mgeni alikuwa binti mchumba wa mtoto wao wa kiume, na kijana mwenyewe alifuatana nao. Mzee akatangulia, kifua mbele, hadi penye picha aipendayo.

"Mke wangu huyo, enzi zake! Hapo anakwenda sokoni."

Pichani mwanamke kijana amekaa kituo cha basi, mkoba miguuni. Sokoni wapi! Alikuwa anamkimbia mume, ndoa ikiwa bado mbichi. Jirani yao mchoraji akamkuta pale, akamwomba, "Shemeji, tulia hivyo hivyo kidogo tu." Akaona haya kukataa. Basi likaja, likaenda zake. Akarudi nyumbani, akapanga nguo kabatini, na tangu hapo akawa anaulaani ulaini wake. Hakumwambia mtu.

Wanaume waliposogea mbele, binti alibaki ameinamia picha.

"Mama, mbona mkobani kuna viatu? Sokoni mtu huenda na viatu vya kubadilisha?"

Mama Sindano akasogea karibu naye. Amdanganye, naye anakuja kuolewa nyumba ile ile?

"Nilikuwa naondoka, mwanangu," akanong'ona. "Nikashindwa."

"Hukushindwa," sauti ikasema nyuma yao. Mzee alikuwa amerudi kuwaita, na alikuwa anacheka. "Kwani nani alimtuma mchoraji akushike pale mpaka basi lipite? Si mimi? Haya, twendeni, huko juu kuna nzuri zaidi."

Mwanawe naye akacheka, akampiga baba yake begani.

 Miaka yote ile amejilaumu bure! Mama Sindano akamuuliza mlinzi mlango wa kutokea.

"Endelea kupanda tu, mama. Njia ni hiyo hiyo."

Binti hakuuliza. Alikwishageuka, anashuka kinyume na watu, mkoba begani, mchumba wake akimwita. Mama Sindano akamwombea kimoyomoyo asikutane na mtu wa kumwambia atulie kidogo.