Video Iliyokwama kwa Mtoto wa Mwisho

Kama ni kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote na bila tone la pombe kinywani. Mimi ni fundi wa simu hapa mjini Meru. Sidanganyiki kirahisi. Chenji nikipewa naihesabu mara mbili, na bado namtazama aliyenipa.

Ilikuwa alasiri ya Julai, ile baridi ya ukungu ambayo hata tuktuk zinawasha taa saa tisa. Mzee mmoja akaingia kibandani. "Muga," akanisalimu, nami nikaitika. Alivaa suti mpya na viatu vipya. Mimi nimezoea kupigia kila kitu bei, basi nikaviangalia viatu. Nje kulikuwa na matope ya kufika kwenye vifundo. Soli zake zilikuwa safi kama zimetoka kwenye boksi.

"Fundi, video yangu inakwama," akasema. "Nataka kumwona wa mwisho."

Nikamtajia bei, ile ya juu, ya kuteremkia. Akasema, "Sawa." Niamini, mzee wa huku kwetu Imenti anayekubali bei ya kwanza ni wa kukimbiwa. Mimi nilifurahi.

Video yenyewe ilikuwa ya mazishi. Jeneza limeshashushwa, watoto wa marehemu wanapita mmoja mmoja kurusha udongo, kuanzia kifungua mimba kwenda chini. Kabla ya wa mwisho, picha inaganda na kile kiduara kinaanza kuzunguka.

"Yule kitinda mimba aliondoka nyumbani kwa hasira," mzee akasema. "Nataka tu kujua kama alikuja."

Nikaanza kazi. Nikafunga app zilizokuwa zikila nguvu nyuma. Nikafuta salamu za asubuhi za vikundi vya kanisa, zile za maua na vikombe vya chai, zilizokuwa zimeijaza simu pomoni. Nikasafisha takataka za app ya video, nikaondoa ile hali ya kuokoa betri, nikaizima simu na kuiwasha. Ikakwama palepale. Nikaihamishia video kwenye simu yangu, ambayo haishindwi na video yoyote. Ikakwama palepale.

Hapo ndipo nywele zilianza kunisimama. Kiduara huzunguka video ikiwa inasubiri mtandao. Hii ilikuwa ndani ya simu, na mtandao nilishauzima. Ilikuwa inasubiri nini?

"Watoto ni wangapi, mzee?" nikauliza, ili nijue amebaki nani.

"Wa kutosha."

"Nataka idadi."

"Watoto hawahesabiwi, mwanangu. Kwani hukulelewa na nyanya?"

Nililelewa naye. Alitukataza kuhesabu hata vifaranga. Lakini kidole changu kimezoea kuhesabu. Nikairudisha video nyuma, nikawahesabu kwenye kioo. Nikahesabu tena.

"Saba," nikasema.

Mzee akainua macho kutoka kwenye kioo. "Hata mama yao hajawahi kuwahesabu," akasema polepole. "Sasa umeshaanza, sharti watimie. Na saba hawajatimia."

Kiduara kikasimama. Sikuwa nimegusa chochote. Picha ikasonga, na mtu wa nane akaingia akiwa ametupa mgongo. Koti la kahawia, kama nililovaa mimi. Kwenye kiwiko cha kushoto palikuwa na alama ya kuungua, ile niliyoipata siku nilipoegemea chuma changu cha kuchomelea. Akainama, akachota udongo, akarusha, akageuka.

Alikuwa mimi.

"Amekuja," mzee akasema, kwa sauti ya mtu aliyetua gunia. Akaweka pesa mezani, akachukua simu yake, akaingia kwenye ukungu. Pesa sikuzihesabu. Kiganja changu cha kulia kilikuwa kimejaa udongo mwekundu, mbichi.

Agosti ikielekea kwisha, akaja mwanamume wa rika langu na simu mkononi. Jina lake Murithi, kitinda mimba wa boma moja kule Kanyakine.

"Ni wewe huyu?" akauliza. Video ileile, inakwenda bila kukwama.

Nikakaa chini.

"Nilikuwa Isiolo," akasema. "Habari za baba zilinifikia akiwa ameshazikwa. Nikarudi nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Mama ananiwekea chakula. Ananiambia nilisimama vizuri siku ile. Ndugu zangu wakitazama hii video wananiona mimi. Mimi nakuona wewe."

"Na shamba?" nikauliza. Ndivyo nilivyo.

"Shamba nimepewa, bwana. Nilitaka kuulizwa nilikuwa wapi."

Nikamwomba picha ya baba yake. Suti ileile. Viatu havikuonekana, na sikuuliza.

Nimejaribu kumsaidia. Nimeikata video ibaki na wale saba, ili nafasi yake iwe wazi. Kila nikiihifadhi inarudi na wanane. Akaenda kaburini mwenyewe kurusha udongo wake, mama yake akamshika mkono. "Ulisharusha, baba. Mara moja inatosha."

Siku hizi huja kukaa kwenye benchi langu Jumamosi. Haongei sana. Huniuliza baba yake alikuwa na uso gani alipomwona amekuja. Namwambia alifurahi, na yeye huinama kutazama viganja vyake. Changu cha kulia bado huwa chekundu mvua ikinyesha, nikioshe nisikioshe.

Basi wewe, video yako ikikwama, funga app, futa takataka, hamisha mafaili. Ikiendelea kuzunguka na hakuna mtandao inaousubiri, mrudishie mwenyewe simu yake, na pesa zake pia. Na ukiwaona watu wamepanga mstari, kaza kidole chako mfukoni. Mtu akikuuliza ni wangapi, mwambie wa kutosha.