Marielle kwenye Klabu ya Dada Yake

Watu wa Chicoutimi, mji wa baridi kali, walishangaa waliposikia Marielle Villeneuve amejiunga na klabu ya watembea theluji. Tangu utotoni Marielle na baridi walikuwa maadui. Siku za kazi alishinda saluni mwake akikata nywele za wajane na wastaafu, hita ikinguruma miguuni, na siku za mapumziko alijifungia ndani na mablanketi. Sasa umri umesogea, magoti yanalia, ndipo anakwenda kununua raketi, yale makanyagio mapana ambayo mtu hufunga chini ya buti asizame kwenye theluji!

Alipoulizwa, alijibu kwamba daktari amemwambia afanye mazoezi. Alidanganya. Kilichompeleka ni dada yake.

Solange, nesi mstaafu, ndiye aliyekuwa akiongoza misafara ya klabu kila Jumamosi kwenye milima ya Valin. Yeye na Marielle hawakuwa wamesemezana tangu mama yao alipofariki. Mama alipoanza kupotewa na akili, Solange alikuwa bado anafanya kazi kaskazini ya mbali, na mzigo wote ukamwangukia mdogo mtu. Mama alikuwa akitoka nje na gauni la kulalia, bila viatu, barafu imetanda, eti anakwenda kukamua ng'ombe waliouzwa zamani. Marielle alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha, akampeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee. Siku ya kuondoka mama aling'ang'ania mlango huku akilia kama mtoto mchanga. Majira ya kuchipua hayakumkuta. Solange aliporudi alikuta maiti, na siku ya mazishi, kwenye ngazi za kanisa, majirani wote wakisikia, akamwambia mdogo wake, "Wewe umemzika mama mara mbili."

Toka hapo, kimya. Wakikutana dukani, mmoja hugeuza toroli.

Jumamosi ya kwanza, Solange alipita akimkagua kila mtu kabla ya kuanza kupanda. Alipofika kwa Marielle aliinama, akavuta mkanda wa buti, akasema bila kuinua macho, "Huu wa kushoto umelegea, mama. Kaza."

Mama! Kama anavyoambiwa mpita njia. Marielle akakaza.

Nyuma ya msafara alitembea Gaétan Simard, pande la mtu, dereva wa zamani wa malori ya magogo. Yeye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayeachwa. Alimwona Marielle anavyojikanyaga mwenyewe, akaangua kicheko.

"Bibie, hii si kwata ya jeshi! Tanua miguu. Tembea kama bata aliyeshiba."

"Bata aliyeshiba ni wewe na tumbo hilo."

"Aa! Kumbe ulimi nao unao. Basi utafika kileleni."

Alifika, akihema. Na Jumamosi iliyofuata akarudi, na nyingine tena. Magoti yalizoea. Alijifunza kukanyaga nyayo za aliyemtangulia, na kupita kimya kati ya misonobari iliyofunikwa na theluji hadi ikawa kama watu waliosimama ndani ya sanda. Mchana walipumzika kwenye kibanda cha mbao, wakapasha supu ya njegere na kugawana pai za nyama. Solange alikaa karibu na jiko, Marielle karibu na mlango. Wenzao wote walijua habari, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Njiani Marielle hakuona kitu cha dada yake ila mgongo wa koti jekundu huko mbele, lakini alijiambia kuwa mgongo nao ni kitu.

Siku moja ya Februari ukungu ulishuka ghafla na upepo ukavuma. Marielle alitoka njiani kidogo kujisaidia, akamwambia Gaétan wasimsubiri. Alipokaribia shina la msonobari, theluji ilifunguka chini yake. Chini ya matawi mazito huwa pana shimo lisiloonekana, na humo ndimo alimotumbukia mpaka kwapani. Raketi zikanasa kwenye matawi. Kila alipojitikisa, alizidi kushuka.

Aliyesikia ukelele wake na kufika kwanza alikuwa Solange, aliyekuwa amerudi nyuma kuhesabu watu kwa sababu ya ukungu.

"Usitapatape! Tulia."

"Nimetulia."

Solange alilala kifudifudi, akavua glavu, akafukua kwa mikono mitupu mpaka akafungua mikanda. Kisha akamshika makwapa, akamvuta kwa nguvu zile za kuhamisha wagonjwa. Wakakaa chini wote wawili, wanatweta, nywele zimejaa barafu.

"Dada," Marielle akasema.

"Usianze."

"Nilimkuta barazani, dada, miguu imekuwa ya bluu. Peke yangu ningefanyaje?"

"Ungenipigia simu."

"Nilikupigia. Ulisema una zamu."

Solange alihangaika kuvaa glavu, vidole vikikataa kuingia.

"Najua nilichosema. Unadhani nalala? Kila nikiuona uso wako naisikia sauti yangu kwenye simu ile. Mahali pa kutoisikia nilikuwa nimebakiwa na hapa tu, juu huku. Na hapa napo ukanifuata."

Marielle alizinasua raketi kutoka kwenye matawi. Waliposikia kishindo cha Gaétan, Solange alinyanyuka, akajipangusa magoti, akatangulia.

"Tulidhani dubu amewaposa!" Gaétan akasema. Aliwatazama nyuso, akainama kumfungia Marielle mikanda.

Jumamosi iliyofuata Solange hakuja. Wala ile iliyofuatia. Ilisemekana ni goti. Gaétan akashika uongozi, akawapoteza njia, wakacheka. Kule kibandani walimpisha Marielle karibu na jiko, wakamjazia supu bakuli mpaka pomoni. Walikuwa wamempenda. Naye supu ile hakuimaliza, kwa kuwa mahali alipokaa alipajua ni pa nani.

Waliposhuka siku hiyo alimvuta Gaétan kando.

"Mimi naishia hapa. Magoti."

"Magoti ya ukoo wenu yana ugonjwa wa kuambukiza?"

"Mwambie Solange sitakuja tena. Usiongeze neno."

Gaétan alikuna ndevu. "Ninyi wawili mna vichwa vigumu kuliko magogo."

Marielle alianza kufungua saluni siku za Jumamosi, ingawa wateja walikuwa haba. Mwezi Machi Gaétan alikuja jioni kukata nywele, uso umebabuka kwa upepo wa mlimani. Marielle alimfunga kitambaa shingoni.

"Amerudi?"

"Amerudi. Ametukimbiza mpaka kileleni, ametutukana wote."

"Vizuri." Alikata kidogo juu ya sikio. "Aliuliza habari zangu?"

Gaétan alikuwa mtu wa mzaha, ila uongo haukumkaa mdomoni. Alimtazama kupitia kioo.

"Hakuuliza."

"Inamisha kichwa," Marielle akamwambia, akawasha mashine.