Kopo la Biskuti la Shangazi

Shangazi yangu, fundi redio, hana uvumilivu na mtu anayesifia kitu kabla hakijajaribiwa. Alipotuambia ameunda kompyuta ya kuhifadhi picha na video zote za familia, nilitegemea kuona dude. Akaja na kopo la biskuti! Ndani alikuwa amefunga bodi aliyoitoa kwenye laptopu iliyopasuka kioo, haina hata feni, na umeme inaokula ni kama wa taa moja tu.

Nikafungua mdomo kumpongeza, akanikatiza.

"Sifa zako ziweke kwanza. Tuitese."

Akatuamuru sote sebuleni tufungue video ya harusi yangu kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye simu yake. Yeye akalaza kiganja juu ya kopo, akisikilizia joto, kama anavyofanya na redio za wateja. Video zikatiririka bila kusita. Kopo lilikuwa vuguvugu tu.

Ghafla akaona simu ya bibi, mama yake mzazi, imeganda. Shangazi akasonya, akatukana nyaya zote duniani, akanyakua bisibisi ili aifumue kazi yake yote palepale.

"Hebu weka hiyo bisibisi chini," bibi alisema, macho hayabanduki kwenye simu. Kwenye kioo chake babu, tuliyemzika mwaka jana, alikuwa ameshika kitasa cha mlango wa ukumbi, anacheka. "Mashine yako ni nzima, mwanangu. Nimemsimamisha mimi. Alikuwa anatoka."